Miaka Kumi na Tisa Bila Kuyatazama Maziwa

Kwa miaka kumi na tisa ya kazi yangu niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba mwanamume akiyatia jicho maziwa ya mzazi, maziwa hayo huona haya, hugeuka njiani na kurudi yalikotoka. Yakishafika huko hayashuki tena mpaka mwanamume yule afe au ahamie bara. Niliamini hivyo huku kazi yangu ikiwa ni kubeba maziwa ya wazazi, kutwa mara nyingi kuliko mwadhini anavyopanda mnarani, katika kitengo cha watoto wachanga mahututi. Ni kama mtu anayeogopa mafuta ya moto aajiriwe kukaanga viazi karai.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana mliobaki kitengoni mmeniomba niandike niliyoyaona. Hospitali yenyewe sitaitaja. Iko baina ya Malindi na Kilifi, ina lango, na ina askari wa langoni ambaye halali mchana, anapumzisha macho tu. Vyeo na mishahara nimeviruka, maana navyo vilikuwa vikiniruka mimi.

Siku ya kwanza nilifika alfajiri na shati jeupe nililolipiga pasi mpaka likawa linaweza kusimama bila mimi. Niliajiriwa kufagia na kuchemsha vikombe. Aliyenipokea alikuwa Bi Mwanakombo wa dobi ya hospitali, mwanamke wa mji wa kale wa Malindi, mwenye Kiswahili kilichojaa hata akikutukana unasema ahsante.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mgeni wa kule kwa watoto?"

"Ndimi."

"Basi shika nikwambialo. Sakafu utafagia, vyombo utachemsha, lakini maziwa ya wazazi usiyatie jicho. Mwanamume akiyatazama, yanaona haya, yanarudi. Shemeji yangu aliyatazama mara moja tu, tena kwa upande, na mtoto akalelewa kwa maziwa ya mkebe mpaka akaingia chuoni kusoma Kurani."

"Na shemeji je?"

"Alihamia Voi. Ndipo yakatoka."

Mkicheka, chekeni. Lakini mimi ni mtoto wa Kakuyuni, na nyumbani kwetu mama yangu hakuacha maziwa ya mbuzi wazi hata dakika moja. Alikuwa akiyafunika kwa kawa, asije mwenye kijicho akayaona yakaharibika. Na pale kitengoni siku hiyo hiyo niliwaona wazazi wakikamua chini ya leso, na kila kikombe kimefunikwa kitambaa. Mambo yote yalikubaliana. Nikaona huyu bibi amenionea huruma, amenipa siri ya kazi ambayo wakubwa hawaiandiki kwenye karatasi.

Jioni hiyo nikanunua miwani ya jua kwa muuza vinyago wa ufuoni, nyeusi tititi. Bi Mwanakombo aliikagua akasema inafaa, kwa sababu jicho lililofunikwa ni jicho lililolala. Basi nikaingia nayo kazini. Kitengo chetu kina mwanga hafifu ili watoto wapumzike, kwa hiyo wiki ya kwanza niliipigia friji shikamoo mara mbili, na mara moja nilimpa daktari mkuu fagio nikidhani ni mwenzangu wa zamu. Alifagia kidogo kabla hajagundua.

Hakuna aliyeniuliza. Ninyi mnajua tabia yetu watu wa pwani, mtu akiwa na kilema hatumtazami sana. Wote walidhani nina ugonjwa wa macho. Waliniita Charo Miwani. Kila mwisho wa mwaka walinichangia kikapu cha karoti, nami nilikula karoti hadi sungura wa jirani akaanza kunitambua kama ndugu. Mwaka mmoja walinipeleka kliniki ya macho kwa nguvu. Daktari alinipima, akaniambia kwa macho yale naweza kusoma gazeti la mtu aliyeketi Lamu. Nikamwomba aifiche siri yangu. Akaificha, nadhani kwa kunihurumia ugonjwa mwingine.

Mwalimu wangu wa kweli alikuwa Sista Umazi, mkuu wa kitengo. Mwembamba, sauti ya chini, hajawahi kukimbia hata siku moja na hajawahi kuchelewa. Yeye ndiye aliyenieleza kazi ilivyo. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake, hana nguvu ya kunyonya, wala hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu. Kwa hiyo mama hukamua kwa mkono kila baada ya saa tatu. Matone ya mwanzo, yale ya njano tunayoyaita dang'a, hayatupwi hata moja. Mtoto hupewa maziwa kwa mrija mwembamba wa puani, akikua hupewa kwa kikombe, na akipevuka ndipo huwekwa kwenye titi mwenyewe. "Sisi," alisema Sista Umazi, "kazi yetu ni kuhakikisha kwamba siku mtoto atakapoweza, maziwa yawe bado yapo." Nimesoma vitabu vingi baadaye, na sijaona kilichosema zaidi ya hapo.

Basi mimi nikawa mtu wa vikombe. Nitawaambia jambo la vikombe ambalo hamtalikuta darasani. Watoto wachanga kwetu hukaa siku nyingi bila jina, na mama zao wana majina yale yale. Kuna mwezi tulikuwa na Kadzo watatu kwa mpigo, wawili kati yao wakiitwa Kadzo binti Karisa. Mimi, kwa werevu wangu, nikabuni kukata kipande cha leso ya kila mama na kukifunga kwenye kikombe chake. Mambo yalikwenda vizuri sana kwa siku mbili. Siku ya tatu ikafika harusi ya mtu huko Kikambala, na wale Kadzo wote wakaletewa leso za sare. Sista Umazi akaja na plasta na kalamu. "Jina la mama, namba ya faili, saa ya kukamua," alisema. "Na uwaambie wanawake hawa samahani kwa kuwakatia nguo." Fanyeni hivyo hadi leo, na mkasi uacheni kabatini.

Katikati ya miaka hiyo nilirudi shule. Darasa la jioni, Kakuyuni, kwenye madawati ya watoto wadogo, magoti yakinifika masikioni. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka mmoja na mwanangu wa tatu, naye akanipita kwa alama moja tu, au kumi na moja, karatasi ilikuwa na mkunjo. Bayolojia niliipenda kuliko zote. Mpaka leo najua panzi anapumulia wapi. Somo la maziwa ya mama lilifundishwa jioni ambayo niliomba ruhusa kwenda kazini kubeba maziwa ya mama.

Baada ya cheti nikapewa mafunzo ya kuwasaidia wazazi kukamua. Hapo sasa ndipo imani yangu iliponiweka kwenye mtihani, kwa maana nitawafundishaje jambo nisilotakiwa kulitazama? Nikashona titi la soksi. Soksi yangu mpya, nimeijaza mtama, na kifungo cha koti mbele. Nikawa nafundisha kwa soksi, na kwa usalama zaidi nikiwa nimeuelekea ukuta.

"Kwanza mikono kwa sabuni," nilikuwa nikisema. "Kisha kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Mnapapasa kwa duara, polepole. Kidole gumba juu, vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Hatuvuti, huyu si ng'ombe. Mnaona?"

"Hatuoni, Baba Charo. Umetupa mgongo."

"Sikilizeni basi."

"Titi linasikilizwa vipi?"

Nikawa nainua soksi juu ya bega ili waione kwa nyuma. Wakacheka hadi wengine wakashika nyuzi za upasuaji. Lakini nitawaambia kitu, na hili halina chumvi. Mama akicheka, mabega hushuka, na mabega yakishuka maziwa hushuka. Sikujua kwa nini. Nilidhani ni kwa sababu nimeangalia ukuta vizuri.

Mashine ya umeme ya kukamulia nayo ilikuja na kwenda. Ililetwa na wageni wema kutoka hoteli za Kikambala, pamoja na kitabu cha maelezo cha lugha kumi na nne, na yetu haikuwemo. Nilipoiwasha ilinguruma, ikatembea yenyewe juu ya meza kama kaa, na bibi mmoja aliyekuwa barazani akaja na kikapu kuuliza tunasaga mahindi kilo ngapi. Mzazi tuliyetaka kumjaribia alikuwa ameshafika lango kuu. Mkono, jamani. Mkono hauhitaji stima.

Sasa nije kwenye kazi niliyojivunia kuliko zote. Mwisho kabisa wa baraza, kupita wodi ya wazazi, kulikuwa na chumba cha mifagio. Niliwaomba wakubwa miezi minane, wakanipa. Nikakipaka rangi, nikatia viti vinne, na mlangoni nikaning'iniza mapazia matatu ya mashuka ya zamani, moja nyuma ya lingine, daktari mwanamume asipenye, fundi wa mabomba asipenye, mume wa mtu asipenye. Wazazi walitoka kitandani, wakaja huko kukamua, wakanipitishia kikombe kwenye upenyo wa pazia nami nikakipokea nikiwa na miwani. Wakubwa walisifu, wakasema nimewapa wanawake stara. Mimi moyoni nilijua nimeyapa stara maziwa. Nilihesabu hatua: kutoka wodi ya wazazi kwenda kushoto hadi chumbani kwangu, hatua themanini na moja. Kutoka wodi hiyo kwenda kulia hadi kwa watoto, hatua tisini. Umbali ule niliuona kama ngome.

Katika mwaka wa kumi na tisa akaja Dama, msichana wa Adu, uzazi wa kwanza. Alijifungua kwa upasuaji miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto wa kike, kilo moja na kidogo, ngozi kama ganda la kitunguu, kofia ikimzidi kichwa mpaka ikawa kama shela. Dama alikuja na mama mkwe wake, Hawe Kanze. Hawe ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa bibi wa kutosha watu watatu. Alibeba uji wa mtama wenye pilipili manga kwenye chupa ya chai na ulimi usiokuwa na kifuniko.

"Charo," aliniambia siku ya kwanza, "umevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Unajificha polisi?"

"Macho, Hawe. Yananisumbua."

"Basi kaa kwako yakusumbue umeketi."

Siku ya pili asubuhi nilikuwa nachemsha vikombe nje ya chumba changu cha mapazia. Niliinama juu ya sufuria kuangalia kama maji yametokota, na miwani ikateleza, ikaingia. Kabla sijapata mwiko ilikuwa imekwisha iva. Niliitoa imejikunja kama halua. Na papo hapo nikasikia sauti ya Dama kutoka nyuma ya pazia, "Baba Charo, tayari." Mkono ukatokeza na kikombe. Nilipaswa kufumba macho. Nilikusudia kufumba. Lakini mtu aliyekaa miaka kumi na tisa nje ya jambo, jicho lake lina njaa. Nikatazama.

Matone matatu. Ya njano, mazito, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Yalikuwa mazuri kweli.

Siku ya tatu kikombe kilikuja na matone mawili. Siku ya nne kilikuja na unyevu tu. Dama alikamua kila baada ya saa tatu, kama nilivyomfundisha kwa soksi, akatoka pale ameloa jasho na kikombe kikavu. Upande wa watoto walijaribu kumpa mtoto maziwa ya unga kidogo kwa mrija. Tumbo likavimba, likakaza kama ngoma. Daktari akasimamisha, akamwacha kwenye dripu peke yake, akatukusanya.

"Dripu si chakula," alisema. "Nikipata maziwa ya mama yake, hata kijiko kimoja, naanza upya taratibu. Nisipopata..." Akaenda kunawa mikono. Ninyi mnajua maana yake daktari asipomaliza sentensi.

Sikulala kwa raha, na chakula kilinikataa, jambo ambalo mke wangu aliliandika kwenye kalenda. Mtoto yule alikuwa anakosa chakula kwa ajili ya jicho langu. Nilijaribu kurekebisha. Nilikwenda Malindi nikaleta mchuzi wa pweza, maana watu wetu wanasema unaleta maziwa. Dama alikunywa bakuli moja, na waume wawili waliokuja kutazama wake zao wakanywa sufuria iliyobaki, kwa sababu zao. Maziwa hayakuja. Nikampigia simu Bi Mwanakombo, ambaye alikuwa ameshastaafu akahamia kwa bintiye Lamu. Nikamuuliza kwa mafumbo, kama mtu akiyatazama kwa bahati mbaya, dawa yake nini.

"Dawa ni zile mbili nilizokwambia," alisema. "Kwani nani kayatazama?"

"Jirani yangu."

"Mwambie Voi kuna hewa nzuri."

Nikakata simu nikaenda kuuliza basi la Voi huondoka saa ngapi. Nawaambia ukweli. Lakini kwanza nikaandika barua ya kuomba nirudishwe dobi, kwa Kiswahili chote nilichokipata darasa la jioni. Ilisema: kwa unyenyekevu mkubwa naomba nihamishwe mbali na maziwa.

Asubuhi ya siku ya tano nilimkuta Sista Umazi chumbani kwangu, ameketi na Dama na Hawe Kanze ndani ya mapazia. Nikaipitisha barua kwenye upenyo, macho nimefumba. Nilimsikia akiifungua.

"Charo, mbali na maziwa maana yake nini?"

Nikasema yote kwa pumzi moja. Bi Mwanakombo, shemeji, miwani, sufuria, matone matatu, na kwamba mimi ndiye niliyeyarudisha maziwa ya Dama na niko tayari kwenda dobi, na dobi isipotosha niko tayari kwenda Voi, ila mtoto ale.

Kisha Hawe Kanze akasema polepole, "Nilijua tu anajificha."

Nilingoja Sista acheke, au anifukuze. Badala yake nilimsikia akimgeukia Dama.

"Mama, mtoto wako umemwona leo?"

"La, Sista."

"Jana?"

"Sijamwona tangu siku ile. Walinipitishia nikiwa bado kwenye machela, wakanionyesha kofia."

"Kuna aliyekukataza kwenda?"

"Hakuna." Sauti yake ilikuwa ndogo, nami nikasogea kwenye pazia bila kukusudia. "Nimeshonwa, Sista. Nguvu yangu ni ya safari moja. Nikija huku kukamua, nikirudi kitandani nimekwisha. Nikipata pumzi, saa tatu zimefika, naitwa tena huku. Nikasema heri nije huku, kwa sababu ndiko kwenye chakula chake. Sasa nakaa hapa nakamua, natazama mapazia ya Baba Charo. Nami sikuzaa pazia."

Mimi nilikuwa nimesimama nje na hatua zangu themanini na moja kichwani. Zilikuwa za kushoto, zote, na mtoto alikuwa kulia.

Mapazia yakafunguka, la kwanza, la pili, la tatu. "Charo," Sista Umazi alisema, "beba kiti."

Nikabeba kiti. Nilikibeba nimefumba macho, kwa hiyo nilikibeba pia kupitia kwenye deski la kumbukumbu na kwenye mguu wa mhasibu aliyekuwa akipita, ambaye mpaka leo anachechemea mvua ikikaribia. Sista alimleta Dama kwa kiti cha magurudumu. Nilikiweka kiti karibu na inkubeta, lile sanduku la kioo lenye joto alimolala mtoto, nikageukia ukuta, na yaliyofuata niliyajua kwa masikio. Kidirisha cha inkubeta kilifunguka. Sista alikuwa akimwelekeza Dama afungue vifungo, mtoto awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kichwa pembeni, mrija usivutwe. Leso ikazungushwa.

Dama akasema, "Ana joto."

"Ni lako," Sista akamwambia.

"Ananipumulia hapa."

"Mwache apumue."

Hawe Kanze akajongea kumtazama mjukuu. "Pua ya baba yake," alisema. "Maskini. Lakini msichana huzoea."

Dama akacheka, akalia, akacheka tena. Alikaa vile mpaka saa sita ya mchana. Ilipofika hapo nilisikia akisema kwa mshangao kwamba leso imelowa, akidhani mtoto ndiye aliyemwagia. Nilimsikia Sista akiinua upembe wa leso. "Siyo mtoto," alisema. "Charo, kikombe."

Alikamua pale pale, mtoto akiwa kifuani, kidole gumba juu na vingine chini. Nilisikia tone kwenye chuma. Kisha jingine, kisha sauti ya matone ikakoma kwa sababu yalikuwa yanaangukia juu ya maziwa.

Niwaambie ya mbele upesi, msije mkasoma kwa wasiwasi. Wiki ile ile tulihamisha viti vyote vinne. Tangu hapo mzazi wa kitengo chetu anakamua ubavuni mwa mtoto wake, na asiyeweza kutembea tunamsukuma, tena kulia kwanza. Chumba changu kilirudi kuwa cha mifagio, na mapazia matatu tulipangusia madirisha. Mtoto wa Dama alipitia mrija, akapitia kikombe, akaondoka kwenda Adu akinyonya mwenyewe kwa kelele kama mtu anywaye chai ya moto, na aliyembeba hadi langoni ni Hawe Kanze, akiwaamuru watu wote wapishe njia ingawa njia ilikuwa tupu. Ninyi mlionikuta bila miwani mlikuta kazi iliyokwisha tengenezwa na msichana mwenye nguvu ya safari moja.

Lakini siku ile, saa sita ya mchana, hayo hatukuyajua. Tulichokuwa nacho ni vijiko vitatu vya maziwa ndani ya kikombe, mtoto mwenye tumbo tupu, na daktari upande wa pili wa chumba akingoja kuyapima ayatie mrijani. Sista Umazi alinisogezea kikombe. Nami nilikuwa nimeugandama ukuta, macho nimeyafumba hadi machozi yananitoka.

"Chukua, Charo."

"Sista, siwezi. Nitayaharibu. Mpe mtu mwingine ayapeleke."

"Fumbua macho."

"Mtoto hajala siku nzima, Sista. Ngoja ale kwanza."

Alinishika mkono, akakunja vidole vyangu kimoja kimoja kuzunguka kikombe. Kilikuwa na uvuguvugu. Kisha akanisemesha kwa ile sauti ya chini anayowasemesha wazazi wa siku ya kwanza.

"Charo, maziwa hayana habari na wewe. Yalikuwa yanamngoja mtoto. Mpelekee kabla hayajapoa."